Fulana za Walioshindwa

Belo likikatwa kamba, soko la Malindi
hupigwa na pumzi ya ghala: nondo, chumvi, vumbi la watu wengine.
Mama hutangulia kuchukua kamera,
jinzi zisizo doa, mashati yenye kola.
Mimi huachiwa fagia,
na fagia ya mwaka ule
ilikuwa fulana arobaini na tatu, nyekundu kama pilipili,
mpya, hazijaonja jasho,
kifuani HOLLOWAY, nyota tatu,
na cheo alichokitaka.

Aliyeshinda huvaliwa kwao hadi achanike.
Aliyeshindwa huletwa kwetu kwa kilo.

Mwalimu Ngumbao alikuja kutafuta soksi.
Alifundisha historia hadi sauti ikamkauka,
na sasa alisimama juu ya fungu langu
akilisoma kama jiwe la kaburi.
"Mambo ya kale haya," akasema.
"Mwaka elfu moja mia nane na arobaini
Wamarekani walibiringisha mpira mkubwa kuliko kibanda hiki,
mji hadi mji, umeandikwa sifa za mtu wao,
na kila kituo pipa la pombe ya tufaha, bure.
Kwa hiyo usidhani unga na leso
vilianza kugawiwa hapa Barani."

Akanieleza zama za kura ya mdomo:
mtu anasimama mbele ya karani, anataja jina kwa sauti,
na tajiri anayemdai
amekaa palepale, anasikiliza.

"Na waliokuwa watumwa?"

Akainama, akachambua soksi.
"Walipewa kura. Halafu wakapewa mtihani.
Mzee mweusi mlangoni mwa ofisi, kofia mkononi,
anaulizwa: kipande cha sabuni kina mapovu mangapi?
Asiyejua hapigi kura."
"Na anayejua?"
Alilipa shilingi thelathini,
akaondoka na soksi za rangi mbili.

Wiki ya pili likaja gari lenye spika,
ndani yake Mwambire, mgombea wa wadi,
chama chake chekundu, alama yake mwiko
(watani walisema hata alama imemkataza).
Alizichukua zote arobaini na tatu
bila kuuliza bei ya moja.
Huko Maweni wakampiga chapa juu ya Holloway,
jina juu ya jina, mwiko juu ya nyota.
Mama akihesabu noti alisema, bila kuinua macho:

Nyekundu haina kura, ni kitambaa na uzi,
mwenye nayo huzurura, kesho hana matumizi.

Mwambire alishindwa kwa kura kumi na mbili.
Fulana arobaini na tatu, pengo kumi na mbili:
nasikia aliifanya hesabu hiyo usiku kucha,
akiwakumbuka mmoja mmoja, nani alivaa,
nani alicheza mbele ya gari,
nani alikula.

Moja ilirudi nyumbani, mgongoni mwa kaka yangu Kenga.
Kwenye fuo la tatu Mwambire akaanza kubanduka,
M kwanza, kisha ule mwiko, vipande vipande
kama maganda ya kitunguu juu ya maji,
na chini yake Holloway, hajafifia,
nyota zake zote tatu.
Washinde wawili, mmoja kamlalia mwenzake,
kifuani mwa kijana aliyekwenda ofisini mara nne
kutafuta kitambulisho,
akaulizwa cheti cha babu,
akaulizwa babu wa babu,
na siku ya kura akashinda kibandani akikunja suruali.

Nikasugua.
Sabuni ya mche, ile ya buluu,
ikafura povu hadi viwikoni.
Nikaanza kuyahesabu, moja, mbili,
nikafika mia na kitu.
Jua likayapasua.
Nikaanza tena.